Mwongozo kamili: kuamsha amplifaya ya zamani iliyolala kabatini bila kuiunguza

Pioneer, Sansui, Technics au Kenwood ya miaka ya 1970 na 1980 haifi kwa uzee peke yake. Nyingi huuawa siku ya kuamshwa. Inatolewa kabatini, inafutwa vumbi, inachomekwa ukutani ili watu wasikie kama bado inaimba. Taa ya mbele inawaka, kisha mlio, kisha harufu. Anaitwa mtu, anabadilisha fyuzi, inakatika tena, anaweka fyuzi kubwa zaidi. Kufikia hapo kilichokuwa kosa la kapasita moja (kifaa kinachotunza chaji ya umeme) kimeshakuwa kosa la transfoma, na transfoma hiyo haiuzwi popote.

Mwongozo huu unahusu amplifaya na risiva (amplifaya zenye redio ndani) za transista. Kama ndani mna valvu, yaani vile vioo vinavyotoa mwanga, usiendelee: humo mna volti 300 na zaidi, na taratibu zake ni nyingine.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

- Maltimita (mita ya kupimia umeme) ya dijitali inayosoma milivolti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), yenye alama ya dayodi.
- Globu mbili za uzi, ya wati 60 na ya wati 100. LED na za kubana umeme hazifanyi kazi hii.
- Holda ya globu, soketi ya ukutani na kisanduku chake, plagi yenye fyuzi ya ampea 3, na mita 2 za waya wa nyuzi tatu.
- Rizista ya ohmu 470, wati 5, iliyoungwa waya mbili zenye ganda.
- Fyuzi za akiba zenye namba zilezile zilizoandikwa ndani ya mashine.
- Dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi, ile inayoacha ulainisho kidogo.
- Isopropili ya asilimia 99, brashi laini, bisibisi za nyota.
- Chuma cha kuchomelea cha wati 40 na risasi ya 60/40 yenye unene wa milimita 0.8.
- Spika ndogo ya majaribio ambayo hutailia ikiungua.
- Simu, kwa ajili ya picha.

Globu za uzi zimekuwa adimu madukani. Ya halojeni ya volti 230 inafaa vilevile. Ulizia pia kwa wauza vifaa vya kulelea vifaranga, ila usichukue ile nyekundu ya wati 250. Ni kubwa mno kwa kazi hii.

## Hatua ya 1: Soma nyuma kabla ya kugusa plagi

Umeme wetu hapa Tanzania ni volti 230, mizunguko 50. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Ikiandikwa 100V, ilitengenezwa kwa ajili ya Japani. 120V ni ya Marekani. Ukiichomeka hiyo ukutani imekwisha, na hakuna fyuzi itakayoiokoa kwa wakati.

Zilizotengenezwa kwa soko la nje huwa na kichaguzi cha volti: tundu la duara unalozungusha kwa bisibisi, likiwa na namba 110, 120, 220 na 240. Nyingine wamekificha ndani, chini ya kifuniko. Chagua 240 kama ipo, si 220. Umeme ukipanda kidogo usiku wa manane bado uko salama, na mashine inafanya kazi ikiwa ya baridi zaidi. Unapoteza nguvu kidogo ambayo sebuleni hutaisikia.

Ya Japani inahitaji transfoma ya kushusha hadi volti 100. Zile za 110 zinazouzwa sana zinaizidishia asilimia 10. Tazama wati zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, nunua transfoma yenye uwezo mara mbili ya hizo.

Risiva ya Japani ina dosari nyingine: FM yake inaanzia 76 na kuishia 90 MHz. Hapa kwetu stesheni ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo utapata chache tu za chini. Usimlipe mtu akuchunguzie redio ambayo haijaharibika.

## Hatua ya 2: Fungua, tazama, safisha

Chomoa plagi. Fungua skrubu za kifuniko, kisha kabla ya kugusa chochote pima kapasita mbili kubwa zilizo karibu na transfoma, zenye umbo la mkebe. Zikiwa na zaidi ya volti 2, shika rizista ya ohmu 470 kwa waya zake na uguse miguu miwili ya kapasita kwa sekunde 30, kisha pima tena. Usizipige shoti kwa bisibisi kama wengi wanavyofanya. Ule mlipuko mdogo wa cheche unachimba miguu na unaweza kurarua njia za bodi.

Piga picha kila upande. Kisha ondoa vumbi kwa brashi na upepo mkavu. Utakuta mayai ya mende, na kama mashine ilikaa karibu na dirisha hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, tabaka la vijidudu vya ziwani vilivyokauka. Viondoe vyote. Vikipata unyevu vinaruhusu umeme kupenya mahali usipotakiwa.

Mkazi wa Mwanza ana nafuu moja: ziwa ni la maji baridi, hivyo kutu yetu si ya chumvi kama ya Tanga au Dar es Salaam. Kinachotusumbua ni unyevu, hasa kwenye nyumba zilizoegemea mawe, kule Igogo na Mabatini, ambako ukuta wa nyuma hutokwa jasho mvua za masika zikikolea.

Sasa tafuta vitu vitatu.

Cha kwanza ni gundi. Viwanda vya Japani vilishikilia kapasita kubwa kwa gundi ya rangi ya maziwa au manjano. Kwa miaka, na hasa kwa joto, gundi hiyo hugeuka kahawia kama sukari iliyoungua. Ikishakuwa kahawia inaanza kupitisha umeme na kula miguu ya rizista na dayodi zilizo jirani. Ikwangue polepole kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, ukiilainisha kwa isopropili. Mguu wowote uliogeuka mweusi au kijani chini ya gundi, badilisha kifaa chake. Hili ndilo kosa ambalo mafundi wengi hulipita, kwa sababu kwa macho ya haraka gundi inaonekana kama uchafu tu.

Cha pili ni kapasita zilizovimba kichwani au zilizotoa maji chini. Cha tatu ni viungo vya risasi vilivyopasuka: elekeza tochi kwa pembeni upande wa chini wa bodi, utaona duara jembamba jeusi kuzunguka mguu, hasa kwenye rilei (swichi inayojiwasha kwa umeme na kuunga spika), soketi za nyuma na transista kubwa. Chomelea upya kwa risasi mpya kidogo.

Dalili ya kufaulu: bodi kavu, hakuna gundi ya kahawia, picha zote unazo.

## Hatua ya 3: Fyuzi

Toa kila fyuzi na uipime, macho yanadanganya. Soma maandishi ya kwenye bodi, mfano T2.5A 250V. Herufi T ni fyuzi ya polepole, F ni ya haraka. Ukiweka F mahali pa T, itakatika kila unapowasha hata kama mashine ni nzima.

Ukikuta karatasi ya sigara ya kung'aa au uzi wa waya umefungwa badala ya fyuzi, jua kuna mtu ameshapita hapo na tatizo la asili halijatibiwa. Weka fyuzi sahihi, endelea hatua ya 4, na usishangae globu ikiwaka sana.

## Hatua ya 4: Tengeneza sanduku la globu

Hiki ndicho kifaa kinachotenganisha aliyeokoa amplifaya na aliyeiunguza. Globu inawekwa njiani kabla ya mashine, kwenye waya wa moto. Mashine ikiwa na shoti ndani, umeme wote unaishia kuwasha globu badala ya kuchoma transista. Globu ya wati 60 hairuhusu zaidi ya takriban ampea 0.26, ya wati 100, takriban 0.43.

Kuunganisha:

1. Waya wa kahawia kutoka kwenye plagi uende mguu wa kwanza wa holda.
2. Mguu wa pili wa holda uende tundu la moto la soketi.
3. Waya wa buluu uende moja kwa moja kutoka plagi hadi tundu la nyutro la soketi.
4. Waya wa kijani na njano uende moja kwa moja kwenye eathi.
5. Kila kiungo kiwe ndani ya kisanduku. Kusiwe na waya ulio wazi hata milimita moja.

Jaribu sanduku lenyewe kwanza. Chomeka bila kitu kwenye soketi: globu isiwake. Chomeka pasi ya nguo iliyowashwa: globu iwake kwa nguvu karibu yote na pasi ibaki baridi. Ikiwa hivyo, umeunganisha sawa. Kama hujawahi kufunga soketi, mpe fundi umeme mchoro huu. Ni kazi ya nusu saa.

## Hatua ya 5: Kuwasha kwa mara ya kwanza

Usiunganishe spika. Usiunganishe simu wala deki. Sauti iwe sifuri, vitufe vya besi na trebo katikati. Mashine ndogo itumie globu ya wati 60. Yenye wati zaidi ya 50 kila upande itumie ya wati 100. Kwa mashine ya volti 100, sanduku la globu linakaa kwanza, transfoma ya kushusha inafuata.

Washa, macho kwenye globu.

Inawaka kwa nguvu, inafifia ndani ya sekunde moja au mbili, inabaki na wekundu hafifu au kuzima. Hivi ndivyo inavyotakiwa. Ule mwako wa mwanzo ni kapasita kubwa zikijaa.

Inawaka kwa nguvu na haififii. Zima mara moja. Kuna shoti. Kwanza hakikisha kichaguzi cha volti hakiko kwenye 110. Kisha chomoa, maliza chaji, pima dayodi zinazogeuza umeme wa transfoma kuwa DC na transista kubwa kwenye bamba la kupoza. Weka mita kwenye alama ya dayodi: kati ya kolekta na emita (miguu miwili ya transista inayopitisha umeme mkubwa) isisome karibu na sifuri, hata ukigeuza nyaya. Ikisoma 0.00 pande zote mbili, transista hiyo imekufa, na mara nyingi imeondoka na mwenzake.

Inafifia lakini inabaki nusu mwanga. Hakuna shoti kamili, ila mashine inakula umeme mwingi kuliko haki yake. Mara nyingi ni bayasi (umeme mdogo unaopita kwenye transista kubwa hata bila sauti) iliyopanda kwa sababu trimpoti yake (rizista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) imeota kutu. Usiizungushe kwa kubahatisha. Kila modeli ina kipimo chake cha milivolti kwenye kitabu cha ufundi.

Ikiwa salama, iache hivyo kwa nusu saa. Kapasita zilizolala miaka mingi hupoteza utando wao wa ndani, na umeme mdogo huwapa nafasi ya kuujenga tena. Harufu ikitoka, zima. Transfoma iwe ya uvuguvugu, isichome mkono.

Jambo linalowatisha wengi: ukiwa kwenye globu, rilei ya spika huenda isigonge ule mlio wake wa "tak". Volti ni ndogo, hivyo si kosa. Baada ya nusu saa zima, ondoa sanduku, chomeka ukutani. Sasa rilei inapaswa kugonga ndani ya sekunde chache, mara nyingi 3 hadi 8.

## Hatua ya 6: Pima DC kabla ya kuunga spika

Ruka hatua hii na unaweza kupoteza spika kwa sekunde chache. Transista iliyokufa inaweza kusukuma volti 30 au zaidi za DC kwenye spika. Koili inaungua bila hata kutoa sauti.

Weka mita kwenye milivolti za DC, upime kati ya nyekundu na nyeusi ya kila upande, sauti ikiwa sifuri, baada ya dakika 10.

- Chini ya milivolti 50: unga spika bila wasiwasi.
- 50 hadi 100: inatumika, lakini rudia kipimo baada ya wiki.
- Juu ya 100: itengenezwe kwanza.

Mtego uko hapa: kama rilei haijagonga, mita itasoma sifuri safi na utadhani mambo ni mazuri, kumbe spika zimetengwa na rilei inafanya kazi yake ya ulinzi. Sikiliza mlio kwanza. Usipousikia, pima kwenye miguu ya rilei upande unaotoka kwenye amplifaya. Usijaribu kuirukia rilei kwa waya "ili ifanye kazi". Inafanya kazi tayari.

## Hatua ya 7: Swichi na voliumu zinazokwaruza

Chomoa. Ondoa vitufe vya mbele kwa kuvivuta. Kila poti (kifaa kinachozungushwa na kitufe, kama cha voliumu) ina tundu dogo karibu na miguu yake. Puliza dawa mara mbili fupi, kisha zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30. Swichi nazo zipulize na uzibonyeze mara 30. Subiri dakika 15 kabla ya kuwasha.

Usitumie mafuta ya taa, petroli wala yale mafuta ya kulegezea nati. Siku ya kwanza mkwaruzo unaisha kweli, ndiyo maana ushauri huo haufi. Baada ya miezi, mafuta yanakamata vumbi, plastiki inavimba na poti inakuwa nzito kuzunguka. Na usipulizie chochote kwenye mapezi ya chuma ya kitafutia stesheni: redio itahama masafa.

## Hatua ya 8: Upande mmoja unapotea

Upande wa kushoto unazimika, ukiongeza sauti unarudi kwa kishindo, ukipunguza unapotea tena. Fundi atakwambia transista. Mara nyingi ni rilei.

Fungua kifuniko chake cha plastiki. Utaona vichwa viwili vya chuma vinavyogusana, vimegeuka vyeusi. Kata ukanda wa karatasi nyeupe, ulowanishe kwa isopropili, upitishe katikati, bana vichwa kwa kidole taratibu, vuta. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Rudia na ukanda mpya hadi itoke nyeupe. Msasa hapana: utando wa juu wa vichwa hivyo ni mwembamba, ukiuondoa rilei imekwisha.

Vikiwa na mashimo, nunua mpya yenye volti ileile ya koili (24 ndiyo ya kawaida), ampea 5 au zaidi, na mpangilio uleule wa miguu.

## Hatua ya 9: Sauti ya kwanza

Unga spika ya majaribio, kisha simu kwa waya wa jeki ya 3.5 mm kwenda AUX. Usiiweke kwenye PHONO. Mlango huo ni wa santuri, unategemea milivolti 2.5 hivi na unaongeza besi makusudi. Simu humo itatoa mngurumo uliopasuka na utadhani amplifaya ni mbovu.

Hakuna sauti kabisa? Kabla ya kufungua tena:

- TAPE MONITOR imebonyezwa? Mashine inasubiri sauti kutoka deki ya kaseti isiyokuwepo. Ifyatue.
- Kitufe cha SPEAKERS kiko A au B, na umeunga wapi?
- Nyuma kuna PRE OUT na MAIN IN? Zinahitaji vipini viwili vya chuma vya kuziunganisha. Wahamaji huvipoteza. Waya mfupi wa RCA unatosha.

Amplifaya kadhaa zimeuzwa kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya hayo matatu.

Majaribio yakipita, unga spika zako. Pima ohmu zake: spika ya ohmu 8 husoma kama 6 kwenye mita. Ukiwasha A na B pamoja, jozi mbili za ohmu 8 zinakuwa 4, kwa hiyo soma nyuma kama amplifaya inaruhusu. Sponji inayozunguka koni ikimeguka ukiigusa, spika hiyo ibadilishwe sponji kwanza.

## Hatua ya 10: Kapasita, na spea bandia

Mngurumo usiobadilika hata sauti ikiwa sifuri unaelekeza kwenye kapasita mbili kubwa. Unaobadilika ukizungusha sauti unatoka kwenye waya wa kuingiza au eathi. Usiwe mwepesi wa kununua spea.

Ukibadilisha kapasita: uwezo uleule wa mikrofaradi, volti zilezile au zaidi, nyuzi joto 105, mstari wa ubavuni ukielekea hasi. Badilisha moja baada ya nyingine. Sisi hatuungi mkono kubadilisha zote kwa mpigo ati kwa sababu mashine ni kongwe. Kila mguu unaochomolewa ni nafasi ya kurarua bodi ya miaka 45.

Transista za 2SC5200 na 2SA1943, pamoja na moduli za STK, zinaghushiwa mno. Maandishi yanang'aa, ndani mna kijipande kidogo kisichohimili kazi. Kati ya "mpya" ya bei ya kutupa na iliyochomolewa kwenye amplifaya iliyokufa kwa sababu nyingine, chukua ya pili baada ya kuipima. Rudisha karatasi ya maika (inayotenga transista na bamba la kupoza) na griisi mpya chini yake, kisha anza tena kwenye globu. Kila baada ya kubadilisha kitu upande wa nguvu, rudi hatua ya 5.

## Mahali pa kuiweka

Iache sentimita 5 toka ukutani na 10 juu. Kile kitambaa cha kudarizi kinapendeza, lakini kifunike mashine iliyozimwa na kupoa tu; juu ya matundu ya joto kinaipika. Usiku wa vijidudu vya ziwani, funga dirisha au zima taa ya dayali, maana wanafuata mwanga huo na kuingia kwa juu.

Iwashe nusu saa kila wiki hata kama husikilizi. Joto lake lenyewe hukausha unyevu na rilei haipati muda wa kuota weusi. Umeme ukikatika, bonyeza swichi kuzima, na ukirudi subiri dakika 5. Radi zikianza kuvuma upande wa ziwa, kuzima hakutoshi: chomoa plagi, kisha chomoa na waya wa antena, kwa sababu radi huingia kwa njia zote mbili.